Wiki ya panga za mbao mjini Visby

Kila mwanzoni mwa Agosti, feri zinazotoka bandari ya Nynäshamn, kusini mwa Stockholm, hubeba abiria wa aina yake. Kwenye foleni ya kahawa amesimama mwanamume mwenye shati la pete za chuma, ngao imemning'inia mgongoni. Nyuma yake bibi aliyejifunga ushungi wa kitani anamkanya mjukuu asije akamtoboa mtu jicho kwa upanga wa mbao. Hakuna anayegeuka kuwatazama. Wote wanaelekea kulekule: kisiwa cha Gotland, katikati ya Bahari ya Baltiki, na mji wake mkuu, Visby.

Kwa siku nane, kuanzia Jumapili hadi Jumapili, mji huo wa Uswidi hufanya tamasha linaloitwa Medeltidsveckan, yaani Wiki ya Zama za Kati. Lilianza mwaka 1984 na limekua hadi kuwa miongoni mwa matamasha makubwa ya aina hiyo Ulaya Kaskazini. Kuna mashindano ya wapanda farasi wenye mikuki, soko la mafundi, ngoma na filimbi, wacheza na moto, mihadhara ya wanahistoria na nyimbo makanisani. Na watoto wako kila kona, kwa sababu hili si tamasha la watu wazima lililotengewa pembe ya watoto. Familia za Kiswidi huhamia huko wiki nzima kama vile watu wa pwani wanavyokwenda kwa bibi wakati wa likizo.

Wapo pia wazazi wanaozungumza Kiswahili. Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi wanaoishi Uswidi, Denmaki au Ujerumani hutafuta mahali pa kuwapeleka watoto kabla shule hazijafunguliwa, na Visby si mbali. Kinachowashangaza wengi si mavazi. Ni kwamba nyuma ya sherehe yote hii kuna siku moja ya mauaji, na mtoto mwenye akili ya kudadisi ataigundua tu.

Mji ndani ya ukuta

Ukuta wa Visby una urefu wa kilomita 3.4 na bado umesimama karibu wote, pamoja na minara zaidi ya 25. Umejengwa kwa mawe ya chokaa ya kisiwa chenyewe. Mtu aliyekulia Lamu au Unguja atautambua uso wa jiwe hilo kabla hajaambiwa: lile jeupe lililoingia kijivu, lenye alama za viumbe wa baharini waliogeuka mawe zamani sana. Shirika la UNESCO liliuweka mji huu katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1995.

Ndani ya ukuta mitaa ni myembamba na imepinda, nyumba ni ndogo, na mawaridi yamepanda kwenye kuta. Magari huzuiliwa sana wakati wa kiangazi. Mahali pengine wanaoyazuia ni kondoo wa zege waliolala katikati ya njia, na mtoto wa miaka minne anaweza kumpanda mmoja kwa nusu saa bila kudai kitu kingine. Kondoo dume ndiye alama ya Gotland, na watu wa huko hawamchukulii kwa mzaha.

Katikati linasimama Kanisa Kuu la Mtakatifu Maria, lenye minara mitatu yenye vilele vyeusi vya mbao. Lilizinduliwa mwaka 1225, na waliolijenga ni wafanyabiashara wa Kijerumani waliokuwa wakifika na kuondoka na merikebu. Kwa kuwa walikuwa watu wa biashara, hata nafasi ya juu ya kanisa waliitumia kama ghala. Likawa kanisa kuu la dayosisi mwaka 1572. Wakati wa tamasha mlango wake huwa wazi, na ndani kuna ubaridi na ukimya ambao mzazi mwenye mtoto aliyechoka atauthamini kuliko kivutio chochote cha kulipia.

Hilo ndilo kanisa pekee la zama hizo mjini ambalo bado linatumika. Mengine zaidi ya kumi ni magofu. Utajiri ulipokwisha na madhehebu yalipobadilika katika karne ya 16, mji mdogo haukuhitaji makanisa mengi kiasi hicho, na mapaa yakaachwa yaanguke. Gofu la Mtakatifu Karin, kwenye uwanja mkuu, limebaki na nguzo na matao tu, na mbingu ndiyo dari. Jioni za tamasha baadhi ya magofu haya hugeuka kumbi za maonyesho. Moto unaochezwa mbele ya tao la miaka 700, kukiwa na giza jembamba la kaskazini juu, huwanyamazisha hata vijana wa miaka 14, ambao kunyamazishwa na kitu si kawaida yao.

Nyuma ya kanisa kuu kuna ngazi zinazopanda mwamba. Juu yake mtu anaona mapaa yote mekundu, minara, ukuta na bahari. Ni vizuri kupanda siku ya kwanza, kwa sababu mtoto akishauona mji mzima kutoka juu, hapotei tena kirahisi.

Kinachofanywa na watoto

Jambo la kwanza ambalo kila mtoto hutaka ni upanga wa mbao. La pili ni ngao. Soko la mafundi linaviuza vyote viwili, pamoja na pinde ndogo, kofia za sufu, mikoba ya ngozi, vikombe vya udongo na mishumaa. Wanaouza mara nyingi ndio waliotengeneza. Mhunzi anafua chuma mbele ya watu, mfinyanzi anazungusha gurudumu, mwanamke anafuma utepe kwa vibao vidogo vyenye matundu, akihesabu kimyakimya. Mtoto akiuliza swali, anajibiwa. Hapo ndipo tamasha hili linapozidi maonyesho mengi: wengi wa waliovaa nguo za kale hawakuajiriwa kuigiza. Ni watu waliotumia majira yote ya baridi kushona kanzu kwa mkono, na hakuna wanachopenda kuliko kueleza kwa nini mshono wa bega unakwenda hivi na si vile.

Watoto hujaribu kupiga mishale, kugonga sarafu kwa nyundo, kuandika kwa kalamu ya unyoya, kucheza ngoma za duara. Wachekeshaji hupita mitaani wakirusha mipira na kufanya kiinimacho. Kiswidi hakihitajiki sana, maana Kiingereza kinatosha karibu kila mahali, na mzaha wa mtu anayejifanya kuanguka hauhitaji lugha kabisa.

Mashindano ya wapanda farasi ndiyo kilele kwa wengi. Uwanja uko nje ya ukuta. Wapanda farasi huingia na bendera, kila mmoja akiwa na rangi zake, na watazamaji hugawanywa katika makundi ya kumshangilia huyu na kumzomea yule. Halafu mikuki mirefu inavunjika juu ya ngao kwa mlio unaosikika kifuani. Kwa watoto wadogo sana kelele hii inaweza kuwa nzito. Waliozoea huketi pembeni, karibu na njia ya kutokea, na si safu ya mbele hata kama kuna nafasi.

Na mavazi? Si lazima. Lakini mgeni aliyevaa jinzi katikati ya umati wa kanzu za kitani hujihisi kama ndiye aliyekosea sherehe. Kuna mahali pa kukodi nguo, na mzazi mwerevu hapotezi hela nyingi: shuka ya kitani, mkanda wa ngozi na kitambaa kichwani vinatosha. Wanawake wa Kiislamu katika tamasha hili wana raha ambayo pengine hawaipati sehemu nyingi za Uswidi. Gauni refu na ushungi ndiyo mavazi ya kila mwanamke anayepita mtaani wiki hiyo.

Jumanne ya mwaka 1361

Tamasha halikuchagua karne ya 14 kwa bahati. Mwezi Julai mwaka 1361 Mfalme Valdemar wa Nne wa Denmaki alishusha jeshi lake Gotland. Visby wakati huo ulikuwa mji tajiri wa biashara, mwanachama wa umoja wa miji ya kibiashara ulioitwa Hansa, ukiuza na kununua nta, manyoya, chumvi na vitambaa kati ya Urusi na Ulaya Magharibi. Mfalme alikuja na askari wa kulipwa, wenye silaha na uzoefu. Waliotoka kumkabili walikuwa wakulima wa kisiwa.

Siku ya Jumanne, tarehe 27 Julai, wakulima hao walipigana mara ya mwisho nje ya ukuta wa Visby. Inasemekana karibu 1,800 walikufa. Wenyeji wa mji walikuwa ndani, juu ya ukuta, milango ikiwa imefungwa. Siku mbili baadaye mji ulimfungulia mfalme, naye akauthibitishia haki zake za biashara.

Wafu walizikwa pale walipoanguka, katika makaburi ya pamoja. Joto la Julai halikuruhusu kusubiri, hivyo wengi walifukiwa na deraya zao mwilini, jambo ambalo kwa kawaida halifanyiki, kwa sababu chuma kilikuwa mali. Kuanzia mwaka 1905 wataalamu walianza kuyafukua. Walipata mabaki ya watu 1,185. Walikuta mafuvu yaliyofunikwa bado na kofia za pete za chuma. Walikuta miguu mingi iliyokatwa chini ya goti, kwa sababu ngao ililinda kifua na upanga ukatafuta palipo wazi. Na walikuta kwamba wengi katika waliokufa hawakuwa wapiganaji kabisa. Walikuwa wazee, walemavu, na wavulana ambao mifupa yao ilikuwa haijamaliza kukua.

Baadhi ya mabaki hayo yanaonyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Gotland, kwenye mtaa wa Strandgatan, hatua chache kutoka mahali ambapo watoto wa leo wanachapana kwa panga za mbao. Nje ya ukuta, upande wa kusini mashariki, kuna msalaba wa jiwe uliosimamishwa kwa ajili ya waliouawa. Maandishi yake ya Kilatini yanataja mwaka, siku, na mkono wa Wadenmaki mbele ya milango ya Visby, kisha yanaomba waombewe. Ni mwendo mfupi kutoka mjini. Wageni wengi wa tamasha hawafiki.

Mtoto akisimulia kisa hiki kwa maneno yake mwenyewe, atasimama mahali pamoja: mbona hawakufungua mlango?

Jibu si fupi. Watu wa mji na watu wa mashamba hawakuwa ndugu wa kupendana. Mwaka 1288, miaka zaidi ya 70 kabla ya Valdemar, walikuwa wamepigana wao kwa wao. Wenyeji wa Visby, wengi wao wakiwa wafanyabiashara wenye asili ya Ujerumani, walitaka biashara yote ipite mikononi mwao. Wakulima wa kisiwa, ambao babu zao walikuwa wakisafiri na kuuza wenyewe, hawakukubali. Ukuta mzuri ambao watalii wanaupiga picha ulikuwa ulinzi dhidi ya adui wa baharini, lakini ulikuwa pia ulinzi dhidi ya jirani. Upande wenye minara mikubwa zaidi unatazama nchi kavu. Mtoto akielezwa hilo na kuonyeshwa, huanza kuutazama ukuta kwa jicho lingine.

Kuna pia hadithi ya Mnara wa Bikira, kaskazini mwa ukuta, ambayo waongozaji hupenda kuisimulia. Eti Valdemar alikuja kwanza kwa kujificha, akafikia kwa mfua dhahabu, binti wa nyumba akampenda, na vita vilipofika ndiye aliyemfungulia lango. Watu wa mji wakamjengea ndani ya mnara akiwa hai. Ni ngano tu, na mzazi anayetembea na mtoto mwoga anaweza kuipita. Lakini inafaa kuulizwa nani alifaidika kuisimulia. Mji uliofungia wakulima nje na kisha kujisalimisha ukapata binti mmoja wa kumtupia lawama yote.

Upanga wa mbao na mtoto aliyeona wa chuma

Kwa familia nyingi mjadala unaishia hapo, na watoto wanarudi mchezoni. Kwa nyingine hauishii. Katika wazungumzaji wa Kiswahili walioko Uswidi wamo waliotoka Kivu, Bujumbura na kwingineko ambako mlango uliofungwa si hadithi ya mwaka 1361. Mzazi wa namna hiyo anaposikia kikosi cha watu kikipiga kelele na kukimbia kwa pamoja uwanjani, hata kama ni wahasibu na walimu waliovaa bati, mwili wake unaweza kukumbuka kabla akili haijasema kitu. Mtoto aliyekimbia naye anaweza kukumbuka pia, ingawa alikuwa mdogo na watu wakadhani amesahau.

Hakuna aibu kuliruka pambano. Maigizo ya mapigano na mashindano ya wapanda farasi huwa na saa na mahali pake kwenye ratiba, na tiketi zake huuzwa mbali na mambo mengine, hivyo familia inaweza kukaa siku tatu Visby bila kuona hata upanga mmoja ukipigwa juu ya mwingine. Soko, muziki, ngazi, magofu, bahari na makumbusho vinatosha. Maonyesho ya moto yana mlipuko na giza, kwa hiyo hayo nayo ni ya kupimwa.

Upande wa pili, kuna wazazi wanaoona kwamba mchezo wenyewe ni dawa, mradi usiachwe bila maneno. Mvulana anayejua kwamba upanga wa kweli ulimkata mguu mtoto wa umri wake hucheza tofauti na asiyejua. Si lazima aache kucheza. Ni mpangilio wa siku unaosaidia: makumbusho asubuhi, wakati kuna utulivu na akili iko macho, msalaba baada ya hapo, kwa mguu, mashindano mchana. Kinyume chake, yaani kumtoa mtoto kwenye shangwe ya uwanjani na kumpeleka moja kwa moja mbele ya fuvu lenye tundu, ni kumvurugia siku. Chini ya miaka saba au minane, chumba chenye mifupa kinaweza kusubiri mwaka mwingine. Wenye makumbusho hawamkatazi mtoto kuingia, lakini mzazi anamjua wake.

Waandaaji nao wanastahili sifa. Tamasha lingeweza kuwa la kofia za plastiki na soseji. Badala yake kila mwaka kuna mihadhara na matembezi yanayoeleza mwaka 1361 jinsi ulivyokuwa, na vita havipambwi kuwa ushindi, maana kwa Gotland havikuwa ushindi. Kisiwa kilikuwa chini ya Denmaki kwa sehemu kubwa ya miaka iliyofuata, hadi mwaka 1645.

Dirhamu ndani ya udongo wa Gotland

Katika jumba hilohilo la makumbusho kuna chumba ambacho mtoto aliyesoma madrasa hatakitoka upesi. Mwaka 1999, katika shamba la Spillings kaskazini mwa kisiwa, ilipatikana hazina ya fedha ya kilo 67, kubwa kuliko zote za zama za Waviking zilizowahi kupatikana. Ilikuwa imefukiwa chini ya sakafu ya kibanda katika karne ya 9. Ndani yake kulikuwa na vikuku vya fedha na sarafu zaidi ya 14,000. Karibu sarafu zote hizo ni dirhamu, zilizogongwa katika nchi za Waislamu, nyingi katika miji ya dola ya Abbasia.

Zilifika vipi? Kwa mito ya Urusi. Wafanyabiashara wa Gotland walishuka na manyoya na watumwa, wakapandisha fedha. Hilo la watumwa lisifichwe kwa mtoto wa pwani ya Afrika Mashariki, ambaye anajua historia hiyo kutoka upande mwingine.

Maandishi ya dirhamu hizo ni ya Kikufi, yale ya pembepembe yasiyo na nukta. Mtoto aliyewahi kupelekwa Kizimkazi, kusini mwa Unguja, ameona jamaa ya maandishi hayo kwenye kibla cha msikiti wa kale, yenye tarehe ya mwaka 1107. Kisiwa kimoja kiko Bahari ya Hindi, kingine Baltiki, na mwandiko uleule umefika kote kwa biashara. Miongoni mwa sarafu za Spillings ipo moja maarufu ya Wakhazari, watu waliofuata dini ya Kiyahudi, ambayo pale ambapo mtu hutarajia jina la Mtume Muhammad imeandikwa kwamba Musa ni mjumbe wa Mungu. Ni kisarafu kidogo, na kukiona kunahitaji kuinama.

Karibu na hapo yamesimama mawe makubwa yaliyochongwa picha za merikebu, wapanda farasi na wapiganaji, ya kale kuliko kanisa lolote la mji. Watoto wadogo huyapenda kwa sababu yanasomeka kama katuni.

Chakula na mambo ya njiani

Mtu haendi Gotland akakosa chapati ya zafarani. Ingawa inaitwa chapati, si chapati kama ijulikanavyo pwani. Ni wali uliopikwa kwa maziwa mpaka ukalainika, ukatiwa mayai, lozi na zafarani, ukaokwa, kisha ukakatwa vipande na kuliwa na krimu na jamu ya tunda dogo jeusi linaloota kisiwani. Mtoto wa Kizanzibari atasema ni binamu wa mkate wa kumimina, na hatakuwa amekosea sana. Kuna pia samaki waliokaushwa kwa moshi, na nyama ya kondoo, ambayo ndiyo fahari ya kisiwa. Nguruwe hupatikana kwa wingi kwenye vibanda vya tamasha, hivyo asiyemla aulize kabla ya kuagiza. Nyama ya halali si ya kutegemewa katika vibanda hivyo. Samaki na chapati ya zafarani ndiyo njia rahisi.

Mitaa imepangwa mawe na mji uko kwenye mteremko. Kigari cha mtoto chenye magurudumu madogo ni adhabu kwa anayekisukuma. Mbeleko au kanga mgongoni inashinda. Jua la Agosti huzama karibu saa tatu usiku, na watoto hawaoni sababu ya kulala kukiwa bado na mwanga. Hata hivyo upepo wa baharini hupoza haraka, na sweta chini ya kanzu ya kitani halimvunjii mtu heshima ya zama za kati.

Kutembea mitaani na kutazama wapitao ni bure. Mashindano, maonyesho ya jioni na baadhi ya shughuli hulipiwa, na familia yenye watoto wanne huona hesabu ikipanda upesi, kwa hiyo inafaa kuchagua onyesho moja kubwa na kuacha mengine. Gharama halisi ni malazi. Vyumba ndani ya ukuta huisha miezi mingi kabla. Wengi hulala nje ya mji, katika kambi za mahema au nyumba za kupanga, na kuingia kwa basi au baiskeli. Feri nayo huwekwa mapema, hasa kwa wenye gari. Ndege kutoka Stockholm huchukua chini ya saa moja, lakini watoto watakosa kumwona yule mwenye ngao kwenye foleni ya kahawa.

Anayetoka Afrika Mashariki atahitaji viza ya Schengen, na maombi ya Agosti hayafai kusubiri Juni. Mtoto anayesafiri na mzazi mmoja huombwa barua ya ridhaa ya mzazi mwingine. Karatasi hiyo ndogo imewakwamisha wengi.

Na kwa watoto wasiojali vita wala fedha, kuna Pippi. Filamu za msichana huyo mwenye nguvu kuliko polisi, aliyebuniwa na mwandishi Astrid Lindgren, zilipigwa Visby mwishoni mwa miaka ya 1960, na nyumba yake ya rangi za ajabu sasa iko Kneippbyn, bustani ya michezo kusini kidogo mwa mji. Wazazi wengi huiweka siku ya mwisho. Panga za mbao zinaruhusiwa huko pia, ingawa kufikia hapo nusu yake huwa zimevunjika.

Tamasha huwa katika wiki ya 32 ya mwaka, na ratiba hutolewa miezi kadhaa kabla.